Fagio au Sindano

7 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Salamu zangu zinatoka kwa watu wanaokula wamesimama. Mimi mzima, ila shingo inaniuma kwa sababu kiti changu cha ofisini kimevunjika mgongo, na kila anayelalamika anaambiwa avumilie. Chumba ni kile kile, juu ya fundi cherehani. Akianza kazi asubuhi, glasi zangu zinatembea zenyewe mezani. Wasalimie mapacha wako, waambie binamu yao hajawasahau, ila asiyeandika asitegemee zawadi.

Mama namsalimia peke yake. Barua yako ya mwisho haikuwa na mstari wake. Miaka yote hii ukimaliza kuandika yeye huinyakua karatasi na kuniandikia chini pale kama nimekula au nimekonda, na safari hii hapakuwa na kitu. Nikampigia, akasema ana mafua. Sauti ilikuwa nyembamba. Mwangalie, tafadhali.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Nimepewa kuongoza kazi kwa mara ya kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo huhitaji maelezo: mwenye mitambo anatuajiri tujaribu kuivunja kwa ruhusa yake, kabla wezi hawajaijaribu bila ruhusa. Mwenye mitambo safari hii ni taasisi kubwa, na mkataba umenifunga mdomo nisiitaje hata kwako. Ndiyo maana sisi wawili, tunaojua kufungua makufuli ya watu, bado tunaandikiana kwa karatasi. Simu ya ofisini inasikilizwa, na ya kwangu naiacha sandukuni mlangoni nikiingia.

Nina zana mbili na lazima nichague moja. Ya kwanza tunaiita Fagio. Unaipa anwani, inazoa yote: inagonga kila kompyuta na kila kifaa kwa wakati mmoja, kisha inatoa ripoti yenye rangi nyekundu na njano ambayo wakubwa wanaipenda kuliko maelezo. Ina kitufe kimeandikwa SALAMA. Ukikibonyeza, inagonga bila kuvunja. Ya pili ni Sindano, na hiyo haifanyi lolote usiloiambia. Unagusa kifaa kimoja, unasikiliza, unaamua, ndipo unaenda cha pili.

Mteja ametupa Jumamosi na Jumapili tu. Kwa Fagio tutamaliza mapema. Kwa Sindano tutaacha sehemu kubwa bila kuguswa, na mwizi akipitia huko, sahihi iliyo chini ya ripoti ni yangu. Bosi wetu, tunayemwita Tai kwa sababu haivui ile ya shingoni hata kwenye joto, anataka Fagio na anataka jibu upesi. Wewe ungeshika ipi?

Mpwa wako,
Kiherehere


20 Februari

Kwako Kiherehere,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima na kiti chako nimekionea huruma kuliko wewe. Mapacha wamekasirika kwa neno la zawadi. Mmoja ameanza kukuandikia, amefika kwenye "mpendwa" akachoka.

Samahani kwa mwandiko. Naandika gotini, nipo gereji nasubiri gari, na benchi lenyewe ni la plastiki lenye mguu mmoja mfupi. Chuoni nimeomba ruhusa, wanafunzi wangu wanashangilia. Mama yako anakusalimu sana. Hakuna la kukutia wasiwasi. Mstari wake hajauandika kwa kuwa mimi nipo huku na yeye yupo kwake. Anasema ule, na usikonde.

Haya, kazi. Hukutaja mteja na umefanya vizuri, lakini mimi si mtoto. Taasisi kubwa, mkataba wa kufunga mdomo, Jumamosi na Jumapili: ni benki. Nilikaa benki nusu ya maisha yangu, harufu yake naijua hata kwenye karatasi.

Kwa benki, chukua Fagio na usijiumize kichwa. Mitambo yao ni mipya, inagongwa na wezi kila siku na haishtuki. Usipozoa yote, utakachokiacha ndicho kitakachokuliza. Bonyeza hicho kitufe cha SALAMA, kaa kwenye kiti chako kibovu, unywe chai. Sindano iweke akiba kwa yale mekundu, ukayachunguze moja moja baadaye. Mwambie Tai kwamba mjomba wako amekubaliana naye, ila asizoee.

Naona wananiita ndani. Lazima niishie hapa.

Mjomba wako


6 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini gari limepona na binamu yangu amelivuka neno "mpendwa". Huku mvua imeingia ofisini kupitia taa. Tumeweka ndoo katikati ya meza ya mikutano na kila mtu anaizungumzia kwa heshima kama mjumbe.

Jumapili nilizungumza na mama. Alikaa kwenye simu kidogo tu, akasema anaenda kuoga. Nyuma yake kulikuwa na kitu kinalia, ti, ti, ti, kwa mpangilio. Nikauliza, akasema ni king'ora cha gari la jirani. Mjomba, jirani yenu hana gari. Nimejiambia labda amenunua. Niambie kama amenunua.

Ushauri wako niliupeleka mezani na ukamaliza ubishi. Tai alitabasamu, Fagio ikaandikwa kwenye mpango wa kazi, nikatia sahihi. Kisha tukaijaribu humu ndani, kwenye chumba chetu cha vifaa, SALAMA ikiwa imebonyezwa. Nilihakikisha kwa macho yangu.

Cha kwanza kilikuwa kichekesho. Printa kuukuu iliyopo pembeni ikaanza kutema karatasi, kila moja ina herufi mbili tatu zisizosomeka, ikatema mpaka karatasi zikaisha. Tulicheka. Cha pili kimeninyima raha mpaka leo. Mteja alituazima kifaa kimoja cha kazi yao tukifanyie mazoezi. Nitakuambia ni nini, kisha uichane barua hii. Ni pampu ya dripu, ile inayosukuma dawa kwenye mshipa wa mgonjwa kidogo kidogo, na inapokea maagizo kupitia mtandao. Fagio ilipoigonga, ilisimama. Taa ilibaki inawaka, namba zilibaki kwenye kioo, lakini haikusukuma kitu. Na haikulia, Mjomba. Mtu akiiangalia kwa mbali angedhani inafanya kazi.

Kwa hiyo sasa unajua si benki.

Tai anasema ile ni moja, tena kuukuu, na za mteja ni nzima. Sijui amejuaje. Nikasema basi tuziruke wodi zote, naye akanijibu jambo la kweli: wezi hawataziruka. Wakiingia kupitia pampu moja wanaweza kuifunga hospitali nzima na kudai wanachotaka, na sisi ndio tulioitwa kuhakikisha hilo halitokei. Nikipitisha Fagio naogopa nitakachokigusa, na nikishika Sindano peke yake naogopa nitakachokiacha. Kazi ni Jumamosi ya tarehe 21. Nijibu haraka, na safari hii usinifanyie utani.

Mpwa wako


16 Machi

Kwako mpwa wangu,

Marahaba. Mapacha hawajambo, mimi hivyo hivyo. Barua yako imechelewa, ilikwenda nyumbani na mimi sikuwa nyumbani.

Nafuta ushauri wangu wote. Usipitishe Fagio mahali penye wagonjwa. Nilikujibu kwa kujiamini kuhusu benki ambayo haikuwepo. Hicho kitufe usikiamini. Neno hilo limeandikwa na aliyeitengeneza Fagio, na maana yake ni kwamba Fagio haijakusudia kuvunja. Pampu ya zamani haijui makusudio ya mtu. Ikigongwa haraka kuliko uwezo wake, inaganda. Ofisini kwao, kwenye uhasibu na mapokezi, zoa utakavyo. Wodini ingia na Sindano, kifaa kimoja kimoja, na kila wodi awepo nesi mwenye redio ya mkononi anayeweza kukuambia acha. Zitakazobaki ziandike kwenye ripoti kwamba zimebaki, utie sahihi bila aibu. Tai akikataa, mwambie mimi ndiye niliyekosea na mimi ndiye ninayekataa.

Hilo ni la kazi. Sasa la pili, nimekaa na kalamu kwa muda kabla ya kuligusa.

Jirani hajanunua gari. Na mimi sikuwa gereji. Benchi lile ni la hospitali kuu ya huku, na mama yako amelazwa wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Mlio uliousikia ni wa mashine iliyo pembeni ya kichwa chake. Amelazwa kwa uchunguzi tu, anaendelea vizuri, wala usianze kulia. Ameniapisha nisikuambie mpaka utoke kwenye hiyo kazi yako ya kwanza ya kuongoza. Alisema, "Ukimwambia atakuja, na akija watampa mtu mwingine." Unamjua dada yangu. Nilikubali ili apumzike.

Lakini leo wamebandika tangazo kwenye meza ya manesi kwamba mitambo ya hospitali itakaguliwa Jumamosi, na wageni wasishangae wakiona manesi na redio. Nikaisoma barua yako tena nikiwa nimesimama pale pale. Hospitali ni nyingi na huenda nawaza makubwa. Ila pampu iliyopo kwenye mkono wake nimeigeuza nikaitazama kwa nyuma, na ni kuukuu.

Nimekupigia mchana jana na leo, simu imezimwa. Ofisini kwenu amepokea mtu akasema upo kwenye maandalizi na ujumbe haupokelewi. Usiku siwezi kupiga, nalala kwenye kiti kando yake na masikio yake hayajaugua. Naituma barua hii kwa njia ya haraka kuliko zote walizonazo posta. Ikufikie.

Mjomba wako


25 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, kwa sababu huko mnajua upande wa kitanda tu.

Sikungoja jibu lako. Ile pampu iliyoganda kimya ilinitosha. Siku chache baada ya kukuandikia niliuchana mpango niliousaini na kuandika mwingine, karibu sawasawa na ulivyosema: Fagio kwa ofisi, Sindano kwa wodi, nesi na redio kila wodi. Tai aliniita mwoga mbele ya wenzangu. Nikamwambia sawa, mwoga ndiye atakayesaini. Akaniacha.

Jumamosi asubuhi tulikaa watu wanne kwenye chumba cha ofisi yetu, umbali wote huo na kwenu, redio za wodi zikisikika kupitia spika moja mezani. Niliipitisha Fagio kwenye uhasibu. Ilikuwa inazoa vizuri, kijani, kijani, njano. Nisichokijua, na hata mteja hakukijua, ni kwamba wodi ya pili waya wake ulikatika zamani, na fundi wao akaiunganisha kwa muda kwenye waya wa uhasibu. Hiyo "kwa muda" haikuwahi kuisha. Kwa hiyo nilipokuwa nikigonga kompyuta za wahasibu, nilikuwa nagonga na vitanda.

Nesi wa wodi ya pili akaita. Alisema pampu ya kitanda cha dirishani inaonyesha namba lakini matone hayashuki. Aliligundua kwa sababu alikuwa amesimama pale pale, nilikuwa nimewaomba wasikae mezani. Nikamuuliza mgonjwa yukoje. Nikasikia anageuka kumuuliza, kisha sauti nyuma yake ikasema, "Mwambie mimi nipo, sijaenda popote. Yeye ashughulike na mashine yake."

Mjomba, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha niende shule. Nilijua kabla sentensi haijaisha. Sikufikiri wala sikushauriana na mtu. Nilizima Fagio, nikazima Sindano, nikachomoa na waya ukutani, kazi yote ikasimama. Tai akaruka kwenye kiti. Akaniuliza, "Nani amekupa ruhusa ya kuzima?" Nikamjibu, "Mama yangu." Alidhani nimechanganyikiwa. Mwenzangu ndiye aliyeshika redio na kumwambia nesi aiondoe pampu, adondoshe dawa kwa mkono mpaka ipatikane nyingine.

Wamenisimamisha. Kuna uchunguzi, na nimeambiwa nisitoke mjini mpaka uishe, nikitoka nihesabu sina kazi. Siwalaumu. Kama isingekuwa sauti ile, ningezima? Nasema ndiyo, kwa sababu mpango wangu ulisema hivyo: nesi akiita, tunazima. Lakini mpango ulisema tuzime wodi moja. Kuzima kila kitu hakukuandikwa popote.

Jioni ile niliwapigia, nikasema nimesikia amelazwa, bila kutaja kwamba aliyezima ni mimi. Mama akacheka, akasema ni kidonda cha tumbo tu na wiki ijayo anatoka. Wewe ukapewa simu ukasema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kidonda, wiki ijayo. Nilikuwa nakuona kabisa: yupo kitandani anakutazama usoni na wewe unasoma. Tena barua yako inasema uchunguzi tu. Kidonda au uchunguzi? Mtu wa uchunguzi tu hawekewi pampu ya namna ile. Nimeisoma pampu hiyo kwa wiki mbili, najua dawa zinazopitishwa humo.

Nimekasirika, nakuambia wazi. Nimewakasirikia nyote wawili. Mlinificha ili nisiharibu kazi, na kwa kunificha mlinifanya niinyooshee zana mama yangu mwenyewe nikiwa nimefumba macho. Na mimi nilinyamaza kwa sababu ya mkataba, najua, usiniambie.

Sasa nataka jambo moja. Kwenye simu anakutazama, kwenye karatasi hakutazami. Niandikie ugonjwa kwa jina lake, na alichosema daktari, bila kupunguza. Nikiujua nitachagua mwenyewe kati ya kubaki hapa na kuja huko. Usinichagulie.

Mpwa wako


29 Machi

Sianzi na salamu. Nikianza nazo nitapata mahali pa kujificha.

Ni moyo. Hakuna kidonda cha tumbo. Moyo wake umechoka na umekuwa ukichoka tangu mwaka jana, na dawa iliyokuwa kwenye pampu ile ndiyo inayousaidia kusukuma damu. Alipofungiwa pampu mara ya kwanza daktari alizungumzia mwaka. Baadaye akazungumzia miezi. Jana alinitoa nje ya wodi, akafunga mlango, akasema hazungumzii tena miezi.

Jumamosi ile nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia na niliuhisi ukipoa kabla nesi hajasema lolote. Wakati anakutumia maneno yale ya kujigamba kwenye redio, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nesi alidondosha kwa mkono mpaka pampu nyingine ikaja, na mkono ukarudi kupata joto. Manesi wangekuwa wamekaa mezani, au ungeendelea kuzoa, nisingekuwa naandika barua ya namna hii. Kwa hiyo ulichokifanya ulikifanya kwa wakati, kiingie kwenye uchunguzi wao au kisiingie.

Nimejaribu kukupigia niyaseme haya. Nilitoka mpaka uwanjani, nikabonyeza namba yako, nikakata. Kuandika naweza. Kuyatamka nimeshindwa. Barua hii sijaipeleka posta, nimempa dereva wa basi la asubuhi na ameahidi kuikabidhi mkononi mwako.

Jana jioni aliniuliza ni nani aliyezima kila kitu siku ile, kwa sababu manesi wamekuwa wakilizungumza. Nikashindwa kudanganya tena, nikamwambia ni wewe. Akatazama dirishani. Nilidhani atanilaumu kwa kuvunja kiapo. Kisha akasema, "Kumbe alinisikia." Leo asubuhi ameomba achanwe nywele.

Umesema nisikuchagulie. Sikuchagulii. Nakuambia tu kwamba kiti kilicho kando yake nakiondokea leo, nitalala kwenye benchi.

Usijibu. Njoo.

Mjomba wako